Amplifaya ya Kinanda cha Kamanga

Jioni ile Luhende alivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kuchukua mzigo ambao moyo wake haukuutaka. Kwaya yao ya Mabatini ilikuwa imepewa amplifaya ya kinanda cha zamani, zile za taa za kioo, na mwenyekiti Yakobo alitaka igeuzwe iwe ya kupigia besi. Kazi yenyewe haikumpa shida, fundi redio ni yeye. Kilichomkaa kooni ni kwamba mpigaji angekuwa Nathaniel.

Nathaniel! Kijana wa juzi tu kutoka Kisesa, kaja na vidole vyake virefu, na besi aliyoipiga Luhende tangu kwaya inaanzishwa ikahamia kwake hivi hivi. Hata hilo angelimeza. Lakini Jumapili iliyopita, wakitoka kanisani, mkewe Selina alimwambia, "Baba Rebeka, leo besi imetembea kweli." Alisema huku anacheka. Luhende hakula chakula siku ile, akasingizia tumbo.

Mwenye amplifaya alikuwa mjane, mama Bernadeta. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba..." alinong'ona. Shingoni alikuwa amejizungushia mtandio, na joto lote lile. Luhende akadhani ni mafua.

Amplifaya ilikuwa chini ya meza, imefunikwa shuka. Ilinuka vumbi na ubani.

"Ukiiwasha," mama akanong'ona, "usiitajie jina la mtu. Mume wangu aliitajia lake."

"Ikawaje?"

"Ikakataa wapigaji wengine wote. Ikamtaka yeye tu."

Luhende alihisi damu inamchemka kwa furaha, na aibu hakuona. Mama akamshika mkono kwa nguvu, midomo ikaendelea kusema, lakini honi ya kivuko ikalia, ndefu, ikaumeza mnong'ono wote. Angeweza kumwomba arudie. Hakumwomba. Alichokitaka alikuwa ameshakisikia.

Kesho yake aliifanyia kazi kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Aling'oa nyaya za kinanda, akachomelea tundu la kuchomeka besi, akaifungia spika kubwa. Ilipokamilika, giza lilikuwa linaingia. Jikoni Selina alikuwa anasonga ugali huku anaimba, na sauti yake ilijaa uani kote. Luhende akafunga mlango. Akabonyeza swichi.

Taa za kioo ziliwaka polepole, njano, kisha nyekundu. Harufu ya ubani ikapanda.

Akainama mpaka mdomo ukagusa spika.

"Luhende."

Mmmmmm...

Ilikuwa kama kitu kimevuta pumzi.

Jikoni, wimbo wa Selina ukakatika. Akakohoa.

Siku ya mazoezi, Nathaniel alichomeka besi, akagusa uzi wa kwanza. Kimya. Akagusa wa pili. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho, ikatoka harufu ya ubani tu. Yakobo akamtazama Luhende.

"Fundi, hii imepona au bado?"

"Lete hiyo besi," Luhende akasema.

Alipogusa uzi mmoja, vioo vya madirisha vilitetemeka. Watu wakapiga makofi. Nathaniel alisogea pembeni na vidole vyake virefu, na Luhende, tuseme ukweli, alimtafuta macho makusudi ili amwone anavyofurahi. Alipiga mpaka mwisho wa mazoezi. Hakuona kwamba kwenye safu ya waimbaji mkewe alikuwa ameshika koo, mdomo wazi, na hakuna kilichokuwa kinatoka.

Alirudi nyumbani na amplifaya yake, akaiweka mezani sebuleni. Hakutaka ilale kanisani, watu wakaishikashika. Binti yao Rebeka alikuwa chumbani anasoma kwa sauti. Selina alikaa kwenye kochi, shingo ameifunga mtandio.

"Haya, Mama Rebeka," Luhende akasema, akijitahidi isionekane kwamba ndilo jambo alilokuwa analingoja. "Besi ya leo umeionaje?"

Selina akafungua mdomo. Midomo ikacheza. Machozi yakamtoka.

Luhende akautazama mtandio ule, na hapo ndipo alipomkumbuka mama Bernadeta na midomo yake ikienda bila sauti. Akataka kumshika mkewe.

Nyuma yake kitu kikaguna.

Mmmmmm...

Aligeuka. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, haujachomekwa popote. Lakini taa za kioo zilikuwa zinawaka. Njano. Kisha nyekundu.

"Leo besi imetembea kweli," spika ikasema.

Ilikuwa sauti ya Selina, na kile kicheko chake. Selina mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa. Na Luhende, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alifurahi. Neno lile alikuwa amelitamani mno.

"Luhende..." sauti ikaita, kwa mahaba.

Tangu waoane, Selina hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

Aliruka, akashika amplifaya aitupe nje. Ilikuwa ya moto, na haikubanduka mezani. Ikaguna tena, safari hii kwa hasira, kama mtu aliyeona mumewe anamkimbilia mwingine.

Kisha ikanyamaza, ikawa kama inasikiliza.

Chumbani, Rebeka akaacha kusoma. Akakohoa.