Kipimo Alichokikwepa Domitila

Domitila aliishi Qurus, wilayani Karatu, pamoja na mumewe Emilian na watoto wao wawili. Walilima mahindi, maharage na mbaazi. Asubuhi alikamua ng'ombe, akawapikia watoto uji, kisha akashika jembe.

Huu ulikuwa mwaka wa tisa anaishi na VVU. Alimeza dawa zake kila siku bila kuruka. Vipimo vilionyesha virusi vimefubaa, na nguvu za shamba alikuwa nazo.

Jambo moja tu alilikwepa. Kila alipokwenda kliniki kuchukua dawa, muuguzi Cresensia alimwambia, "Mama, leo tukupime mlango wa kizazi." Naye jibu alikuwa nalo tayari. Leo mtoto ana homa. Leo ng'ombe wako peke yao.

Siku moja Emilian aliona kwenye kadi ya mkewe neno "hajapimwa" limeandikwa mara tatu.

"Hiki ni kipimo gani, Mama Isaya?"

"Cha saratani ya kizazi. Lakini mimi siumwi popote."

"Sasa kwa nini hupimwi?"

Domitila aliendelea kupepeta maharage. Mwishowe akaweka ungo chini.

"Unamkumbuka shangazi Antonia? Alipoambiwa ana saratani hiyo, hakumaliza miezi minne. Mimi sitaki kuambiwa."

"Shangazi alitokwa na damu mwaka mzima, akatuficha," Emilian alisema taratibu. "Alikwenda hospitali akiwa amechelewa sana. Kesho twende wote."

Kesho yake, ndani ya chumba cha kliniki, Domitila aliuliza, "Sista, mbona kipimo hiki mnanisisitizia mimi kila mara?"

"Kwa sababu unaishi na VVU," Cresensia alijibu. "Kuna kirusi kingine kinachoitwa HPV. Huambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi hukipata, na miili yao hukiondoa. Kwa mwenye VVU, hata akimeza dawa vizuri, kinaweza kukaa muda mrefu na kuleta saratani. Huanza polepole, kwa miaka, bila maumivu. Ndiyo maana tunapima mtu akiwa mzima."

"Mnapimaje?"

"Napaka siki kwenye mlango wa kizazi, nasubiri dakika moja, naangalia."

"Siki ya kachumbari?"

"Siki, ila tumeichanganya kwa vipimo vyetu."

Domitila alicheka kidogo, akapanda kitandani. Dakika ile ilikuwa ndefu.

"Nimeona doa jeupe," Cresensia alisema.

Machozi yakamlengalenga Domitila. "Ni saratani?"

"Hapana, mama. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuwa saratani. Naweza kuyaunguza leo hii kwa kifaa cha joto. Ni dakika chache. Tumbo litauma kidogo kama siku za hedhi."

"Na kizazi mtakitoa?"

"Hakitolewi. Kinabaki palepale."

Domitila alivuta pumzi. "Basi fanya."

Walipomaliza, Cresensia alimwita Emilian ndani. "Wiki sita msikutane kimwili, apone vizuri. Atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hiyo ni kawaida. Akipata homa, maumivu makali, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, mlete mara moja. Baada ya mwaka arudi tumpime tena. Na dawa zake za VVU aendelee kama kawaida."

"Wiki sita?" Emilian alisema. "Sista, huyu nilimsubiri miaka miwili nimwoe, baba yake akinizungusha!"

Wote watatu wakacheka.

Mwaka ulipotimia, Domitila hakungoja kukumbushwa. Alimaliza kukamua, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda. Cresensia alipaka siki, akasubiri, akaangalia kwa makini.

"Pako safi, mama. Doa halipo."

Domitila alitoka nje huku moyo umetulia. Kwenye benchi alikaa mama kijana, Brigita wa jirani, amempakata mtoto mchanga, kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba kile kwa wasiwasi.

"Dada Domitila," alinong'ona, "inauma?"

"Unahisi kidogo tu. Inaisha upesi." Domitila akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Ingia, mimi niko hapa."