Kipimo cha Saa Nane

"Saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi," Mama alisema akiwa ameshika kitasa cha mlango. "Hebu rudia."

"Saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi," nikarudia. Hiyo ilikuwa siku ya saba ya kurudia maneno hayo, na mdomo wangu ulikuwa umeyachoka.

"Na unaandika nini?"

"Ninachokiona kwenye kipimajoto."

"Si unachokitaka," Mama akamalizia. "Haya mwaitu, nimeenda. Uji uko kwenye thamosi."

"Mwaitu" kwa Kikamba ni "mama yangu". Mama huniita hivyo kwa sababu nina jina la mamake, Nzisa. Akiniita Nzisa tupu, hapo najua kuna jambo, na mara nyingi jambo lenyewe ni mimi.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya soko la Kangundo, ukuta kwa ukuta na kinu cha kusaga unga cha Baba Shiku. Likizo ile ya Agosti, pembe moja ya sebule yetu ilikuwa imechukuliwa na mashine ya kutotoa vifaranga. Msifikirie kitu kikubwa. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele na balbu mbili ndani. Ubavuni palikuwa na kisanduku cha plastiki kilichojaa nyaya na vijidude vidogo vya rangi rangi. Hicho kisanduku ndicho kilichokuwa akili ya mashine. Mama alikiunda kwa mikono yake, kiungo kwa kiungo, na kila alipolehemu nyumba nzima ilinuka moshi wa risasi iliyoyeyuka.

Mama yangu, Syombua, ni mwanafunzi. Ndiyo, mwanafunzi! Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi mjini Machakos, akisomea elektroniki ya viwandani. Ana miaka thelathini na sita, na wenzake darasani humwita Mathe, yaani mama. Zamani alikuwa akifagia katika kiwanda kimoja kule Mavoko. Siku moja mashine kubwa ikazimika, watu mia mbili wakakaa kutwa wakimngojea fundi mmoja. Fundi alipofika alikuwa msichana. Akafungua sanduku, akapima hapa na pale, akabadilisha kitu kidogo kama punje ya mbaazi, na mashine ikanguruma. "Nilisimama pale na ufagio wangu," Mama hupenda kusimulia, "nikajiambia, Syombua, hata wewe una mikono."

Sasa mashine hii ya vifaranga ilikuwa mradi wake wa kumalizia masomo. Mayai thelathini yaliyokuwa ndani hayakuwa yetu. Yalitoka kwa kina mama kumi wa kikundi chake cha mwethya, wale wanaopalia mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mmoja alileta mayai matatu na kuyaandika herufi ya jina lake kwa penseli. Mama Mutheu, mwenyekiti wao, aliyakabidhi akisema, "Sisi hatujui umeme. Tunakujua wewe."

Siku ya ishirini na moja mwalimu wake, Bwana Ngigi, angekuja nyumbani kuikagua mashine, maana mayai hayawezi kurukaruka barabarani hadi Machakos. Mashine ikishindwa, Mama angerudia mwaka mzima. Nililijua hilo vizuri sana.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa maana. Mama alipokuwa chuoni, saa ikifika nachuchumaa mbele ya kioo, nasoma, naandika: 37.5, 37.4, 37.6. Joto likishuka, balbu zinawaka. Likipanda, swichi ndogo ndani ya kisanduku inafanya "tak!" na balbu zinazimika. Swichi hiyo inayojiwasha na kujizima mafundi huiita rilei. Niliipenda sauti yake.

Siku ya nane, rafiki yangu Shiku alinijia mbio.

"Nzisa, baba ameleta mota mpya ya kinu! Ni kubwa, haki ya Mungu, inasaga debe kabla hujafunga mdomo. Ataiwasha saa nane kila siku akitoka shambani. Na wakati huohuo tutakuwa tunacheza kati kule uwanjani. Timu yetu imepungukiwa na mmoja."

"Saa nane nina kazi."

"Kazi gani, kuangalia mayai? Kwani yatakimbia?"

Tukacheka. Nami, mjinga wa mwisho, nikaenda. Kati ni mchezo mtamu jamani. Unakwepa mpira huku, unakwepa kule, na saa zinakwenda. Niliporudi ilikuwa saa kumi. Nikakitazama kile kijisanduku kitupu cha saa nane kwenye daftari, kikanitazama. Nikaandika 37.5. Ilikuwa hivyo jana na juzi, basi na leo itakuwa hivyo hivyo.

Kesho yake nikaandika 37.4, ili isionekane nimenakili. Keshokutwa 37.6. Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa uongo.

Siku ya kumi na moja mpira ulinipata mapema, nikarudi nyumbani saa nane na nusu. Kinu cha jirani kilikuwa kikinguruma hadi vikombe vinatikisika mezani. Nikainama kwenye kioo. 39.6! Balbu zote mbili zilikuwa zikiwaka kama zimesahauliwa. Nikasubiri ile "tak!" Kimya. Woi! Nikagonga kisanduku kwa kiganja. "Tak!" Balbu zikazimika. Nikafungua kimlango, nikapepea kwa daftari hadi mkono ukaniuma na joto likashuka.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujificha uvunguni. Nilichukua kalamu na kuandika 37.5.

Mama alirudi jioni na vumbi la njia nzima viatuni. Hakuketi hata kunywa maji. Alichukua daftari, akatoa karatasi ya michoro, akaanza kuunganisha nukta kwa rula. Uso wake ulizidi kung'aa kila alipoongeza nukta.

"Njoo uone, mwaitu! Tazama mstari wangu ulivyonyooka. Siku kumi na moja, hata mara moja haujaruka." Akanikumbatia, akanibusu kipajini. "Unajua darasani walisema Mathe ataunguza mayai? Kesho nafunga kisanduku kwa gundi na kuandika ripoti. Na jina lako nitaliweka ukurasa wa kwanza, kwa kuwa wewe ndiye uliyepima."

Tulikuwa na muthokoi, chakula ninachokipenda kuliko vyote. Sikukigusa. Nilimwangalia Mama akila huku akiuangalia mstari ule, akitabasamu peke yake. Ningenyamaza, kisanduku kingefungwa kwa gundi, na mayai ya watu yangeiva humo ndani. Nikaanza kulia kabla sijasema neno.

"Mama, mstari huo si wa kweli."

Nikamweleza yote: kati, saa nane, 39.6, lile kofi nililokipiga kisanduku. Mama alitua kijiko. Heri angenipiga.

"Nzisa," akasema hatimaye. Nzisa tupu. "Lete tochi."

Akazima taa, akayatoa mayai moja moja na kuyamulika kwa chini. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu na kitu kinachotikisika. Mengi yalikuwa hai. Manne hayakuwa na mishipa. Yalikuwa na pete nyeusi tu. Mama akayapanga mezani. Mawili yalikuwa na herufi M. Ya Mama Mutheu.

"Utaenda wewe mwenyewe kumwambia," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Sasa chukua kalamu nyekundu. Kila kipimo ambacho hukukiona, kipige mstari na uandike kando, 'Si kweli.' Usikifute. Kionekane."

Niliandika "Si kweli" mara tatu. Kwenye ile 37.5 ya mwisho nikaandika, "Si kweli. Niliona 39.6, saa nane na nusu." Mama alikisoma kile cha mwisho, akasimama wima ghafla.

"Saa nane na nusu? Na asubuhi iko sawa, na jioni iko sawa?" Akakuna kichwa. "Kuna nini hapa saa nane?"

Siku iliyofuata aliomba ruhusa chuoni. Asubuhi nilienda kwa Mama Mutheu na mayai yale mawili kwenye bakuli. Nilimweleza, macho yangu yakiangalia miguu yake. Aliyageuza mayai yale bakulini, kisha akasema, "Wengine wangenidanganya kwamba kuku wangu ni mbaya. Nenda kamsaidie mamako." Nililia njia nzima nikirudi, lakini kilio hiki kilikuwa chepesi kidogo.

Saa nane kasoro dakika tano tulichuchumaa wawili mbele ya kioo. Kinu kikaanza. Taa ya sebuleni ikafifia, ikarudi. Ndani ya kisanduku tukasikia "tak-tak-tak-tak!" kisha kimya. Balbu zikabaki zinawaka. 37.8. 38.1. 38.5.

"Asi!" Mama akapiga makofi. "Ni mota ya Baba Shiku! Ikiamka inavuta umeme, wetu unapungua, rilei inababaika hadi inanasa, na kinu kikizimwa inaachia." Akachomoa waya, akacheka, kisha nikaona machozi. "Mwaitu, ningeifunga kwa gundi na ugonjwa ndani."

Mwaitu! Nilishusha pumzi niliyoibana tangu jana.

Alibadilisha rilei akaweka iliyo imara zaidi, na kando yake akalehemu kapasita kubwa. Nilimuuliza ni ya nini. "Ni kama ule mtungi wetu wa maji," akasema. "Mfereji ukikauka kidogo, unachota mtungini hadi maji yarudi." Kuanzia siku hiyo, saa nane ilinikuta nimeketi mbele ya kioo. Shiku alikuja kuketi nami, na kati tukaihamishia saa kumi na nusu.

Siku ya ishirini na moja Bwana Ngigi alifika, mzee mrefu, mkali wa macho. Mayai yalikuwa yameanza kutoboka. Hakuyatazama kwanza. Aliomba daftari. Akafungua kurasa polepole hadi penye wino mwekundu, akavua miwani.

"Nani aliandika 'Si kweli'?"

Mama akafungua mdomo. Nikasimama kabla hajasema.

"Ni mimi, Mwalimu. Na ule uongo wa juu yake pia ni wangu. Mama hakujua. Tafadhali usimwangushe yeye."

Bwana Ngigi alinitazama, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kiliishia katikati.

"Nilipokuwa kijana kiwandani," alisema, "mwenzangu aliandika kitabuni kwamba mashine imezimwa. Hakuwa ameenda kuangalia. Chai ilikuwa inapoa. Nami nikaamini kitabu, nikatia mkono. Hakuwa mtu mbaya, binti yangu. Alikuwa na haraka tu."

Nilikitazama kidole kile, nikayakumbuka mayai manne.

"Kila kipimo tunachoandika kuna mtu atakiamini," akaendelea. "Kukosea si aibu, kesho utapima tena. Lakini ukidanganya, unamfumba macho mtu anayekutegemea. Wewe ulidanganya, na kuna waliopoteza mayai. Kisha ukasema kweli ilipokuwa chungu, na kweli hiyo ndiyo iliyomwonyesha mamako ubovu ulipo. Usisahau yote mawili."

Papo hapo ukuta ukanguruma. Kinu! Taa ikafifia. Mama akanishika mkono, akaubana kweli kweli. Sote tukatega masikio. Mle kisandukuni, mara moja tu, bila haraka: "Tak!" Balbu zikazimika kama zilivyopaswa. Nyuma ya kioo, kifaranga cha kwanza kikasukuma ganda na kutoa kichwa kilicholowa, na Bwana Ngigi mwenye macho makali akacheka kama mtoto.

Vilitoka ishirini na vinne. Mama alipita mtihani wake. Yai la tatu la Mama Mutheu lilitoa kifaranga cheusi, nami ndiye niliyempelekea.

Lakini siku ile, kabla ya hayo yote, Bwana Ngigi alinirudishia daftari.

"Haya mwaitu," Mama alisema. "Ni saa nane. Andika."

Nikachuchumaa, nikatazama vizuri, na nikaandika nilichokiona.