Pumzi ya Bwana Dari

"Mama amenitambua kwenye filamu yenu," fundi aliniambia kwenye simu.

"Acha utani. Wewe ulijenga seti tu, hukuigiza."

"Amenitambua kwa kukoroma."

Nikakaa chini palepale, sakafuni mwa studio.

Filamu yenyewe ndiyo iliyonipa jina kama mrekodi sauti, na mchana huo ilikuwa imerudiwa runingani. Bwana Dari ni muuaji anayeishi juu ya dari za nyumba za watu. Haonekani, husikika akipumua tu, kisha mtu anakufa. Fundi seremala, mchumba wangu, alisimulia kwamba dada zake walijifunika mito usoni, lakini mama yake aliendelea kumenya chungwa lake, akasema huyo si jini wala nini, huyo ni mwanawe wa kwanza, na hicho kifilimbi cha mwisho wa pumzi anacho tangu ananyonya.

"Ulinirekodi," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa umelala juu ya mbao baada ya chakula cha mchana. Hata jina lako sikulijua."

"Halafu kesho yake ukaniletea chai."

"Nilikuletea," nikasema.

"Miaka miwili najisifu kwa watu kwamba wewe ndiye uliyenipenda kwanza. Kumbe chai ile ilikuwa ujira."

Akakata. Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia: "Nimemwambia mama mipango ya harusi isimame kwanza."

Na siku hiyohiyo mwongozaji alikuwa amenikalia kooni. Tulikuwa tunatengeneza mwendelezo wa runinga, kisa cha Bwana Dari alipokuwa kijana, kabla hajaharibika, na alitaka pumzi ileile. Waigizaji watano walishajaribu. Mmoja alipumua kama pampu ya baiskeli, mwingine kama mbuzi mwenye mafua. Mwongozaji akaniagiza nitumie ile ya zamani, kazi iishe. Ilikuwepo. Kuibofya tu.

Nikamwambia pumzi ile ina mwenyewe, na niliichukua bila ruhusa. Akanijibu kwamba ikifika kesho saa sita sina pumzi, atatafuta mrekodi mwingine.

Asubuhi nilimkuta fundi juu ya ngazi, anapigilia dari ya seti mpya, misumari mdomoni. Nikamnyooshea memori kadi.

"Pumzi zako zote zimo humu. Kwenye mashine nimezifuta. Ukitaka, ivunje."

Alitoa misumari mmoja mmoja. "Chai ile ilikuwa ya nini?"

"Ya kwanza ilikuwa ya aibu. Nilikuibia, nikashindwa kukwambia. Ya pili niliileta kwa sababu ile siku ya kwanza ulinichekesha."

"Na zilizofuata?"

"Zilizofuata nilishakwisha, mwenzangu. Nilikuwa nasahau hata kutia majani."

"Nakumbuka. Wiki nzima nilikunywa maji ya moto na sukari, naogopa kukuuliza."

Alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akataka kujua huyo Bwana Dari alifikaje huko juu. Nikamweleza kwamba alikuwa fundi wa dari aliyempenda binti wa nyumba aliyokuwa anaijenga. Badala ya kumwambia, akabaki juu anamsikiliza, siku, miezi, mpaka mapenzi yakamchachia kifuani.

"Mjinga," alisema fundi. "Si angeshuka tu akamwambia."

Akashuka ngazi. Akalala chali juu ya mbao, akasema niwashe mashine, safari hii mwenye pumzi karuhusu. Nikavaa hedifoni, nikawasha mashine. Akatulia. Pumzi ikaja polepole, na mwishoni mwake, kifilimbi.

Kisha akafumbua macho.

"Nilikasirika kwa sababu niliogopa kwamba hunipendi. Sasa nimeshuka, nakwambia. Nimpigie mama mipango iendelee?"

Pumzi yangu ikakatika. Nikaitikia kwa kichwa mara tatu.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Kumbe mwongozaji alikwishafika na alikuwa anasikiliza yote kwenye spika za humo. Alitoka mbio, macho yanang'aa.

"Ya kijana tumeipata. Lakini hii nyingine, iliyokatika, ndiyo ya yule binti. Naitaka. Ni ya nani?"

"Muulize mwenyewe," fundi alisema, akinitazama.

"Hiyo hapana," nikasema, nikizima mashine. "Hiyo inaenda nyumbani."