Lampe Zinasikia

Usimuulize Ephraïm, mpiga gitaa wa Katuba, kama ampli ya lampe, kikuza sauti chenye vioo kama balbu, inaishinda ya transista. Zamani, kama ulikuwa na chungu jikoni, angekukalisha mpaka chakula kiungue. Angekuambia kwamba transista inaamka papo hapo, ni nyepesi kubeba, haichoki, lakini ukiilazimisha inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Ya lampe ni nzito, inataka muda wa kupata moto, na ukiilazimisha inalia. "Inalia sawa muntu," alikuwa akisema. Leo hasemi neno. Atakuangalia tu, halafu ataangalia mlango wa chumba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kawaida, mwezi wa nane, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Kwaya ya parokia ilitaka kuchagua ampli moja ya kudumu. Franck, mpiga besi wa kwaya na mdogo wa Lydie mke wa Ephraïm, alileta transista mpya asubuhi, akaiweka sebuleni kando ya ile kuukuu ya lampe ambayo Ephraïm aliachiwa na baba yake, mfanyakazi wa reli.

"Beau," akamwita shemeji yake, "uzijaribu zote mbili, utuambie." Akaenda zake.

Lydie alikuwa kitandani na malaria, siku ya pili ya dawa. Alikuwa amekunywa uji kidogo, tena ametania kwamba leo atapewa konseti bila kuvaa viatu. Ephraïm akamfunika vizuri, akauegesha mlango.

Umeme ukaja saa nane mchana. Sasa sikiliza, maana kosa liko hapa, na ni kosa la mtu anayejua kazi yake. Lampe zikizeeka zinasikia. Hilo si uchawi, kila mpiga gitaa analijua. Gonga sanduku kwa ukucha, spika itaitikia. Sema karibu nalo, litakurudishia neno. Basi Ephraïm, ili ya lampe isimwingilie, aliiwasha ipate moto, lakini akazungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Kisha akachomeka gitaa kwenye transista, akaifungulia hadi mwisho, akitafuta mahali inapoanza kukwaruza. Alipiga saa nzima. Alipiga vizuri, Mungu amsamehe, hajawahi kupiga vile.

Umeme ulipokatika, nyumba ikanyamaza. Akaenda kumwambia mkewe kwamba transista si mbaya kama alivyodhani. Mlango ukakataa kufunguka. Lydie alikuwa ameanguka nyuma ya mlango, kopo la plastiki mkononi, tupu.

Kilio kilikaa uani siku zake zote. Gaëlle, binti yao, akaja kutoka Likasi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Katika nyumba ile hakuna uzi wa gitaa ulioguswa kabla ya siku arobaini, ndivyo tunavyofanya. Watu wakamwambia Ephraïm kwamba Mungu amependa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini saa ile, naye hakusema, hata kwa Franck. Swali moja tu lilikuwa likimla ndani kama mchwa: je, Lydie alimwita?

Siku ya arobaini na moja, saa nane mchana, umeme ukaja. Franck alikuwa ametuma neno kwamba atapita jioni kuzichukua ampli zote mbili. Ephraïm akaiwasha ya lampe, apate kuiaga. Hakuchomeka gitaa. Kitufe cha sauti kilikuwa bado kwenye sifuri, palepale mkono wake ulipokiacha.

Lampe zikapata wekundu. Spika ikavuma kidogo. Kisha, ndani ya ule mvumo:

"Papa Gaëlle."

Akageuka. Mlango umeegeshwa. Chumbani hakuna mtu.

"Papa Gaëlle, uniletee mayi."

Ilikuwa sauti ya Lydie. Haikutoka chumbani. Ilitoka kwenye spika, na nyuma yake, kwa mbali, gitaa. Alilitambua. Lilikuwa lake, la Jumamosi ile.

Akapiga magoti mbele ya sanduku. "Lydie, minasikia," akanong'ona. "Minasikia sasa."

Sauti haikumjibu. Iliendelea na mchana wa siku ile. Ikaita tena. Ikakohoa. Miguu ikagusa sakafu. Ephraïm akahesabu miito kwa vidole. Mitatu. Minne. Mitano. Kabla ya wa sita akakimbilia jikoni, akajaza lile lile kopo, akaliweka kwenye kizingiti cha chumba. Kwa haraka yake, nusu ikamwagika. Alijua amechelewa siku arobaini na moja. Aliliweka hivyo hivyo.

Mwito wa saba ulikuwa mnong'ono. Halafu mwanamke akashusha pumzi, akacheka kidogo, kama anayejisemea mwenyewe.

"Acha tu. Leo eko anapiga muzuri."

Kitu kikaanguka. Gitaa likaendelea. Likaendelea, na Ephraïm akalisikiliza lote, kila noti, mpaka umeme ukakatika.

Franck alimkuta sakafuni. Ephraïm akamwambia yote, bila kujificha. "Dada yako aliniita mara saba. Niliifunga sauti, Franck. Mimi mwenyewe."

Franck alikaa chini kando yake, akalia, bega kwa bega. Mwishowe, apate tu la kufanya kwa mikono, akaigeuza ampli, akafungua mgongo wake.

"Beau," akasema polepole. "Uliiwashaje hii?"

Akachomoa lampe moja, akaielekeza dirishani. Kioo kilikuwa kizima, hakina ufa. Ndani yake, mahali ambapo hata hewa haipaswi kuwamo, mlikuwa na maji. Yalijaa mpaka nusu, safi, yakicheza.

Wote wawili wakatazama kizingiti. Kopo lilikuwa wima, kavu. Hata pale yalipomwagika, vumbi lilikuwa kavu.

Kwaya ilichukua transista, na Franck ndiye aliyeibeba. Ampli kuukuu haijawaka tena. Ile lampe Ephraïm ameiweka dirishani, na mtu akifika kwake humwonyesha bila neno. Maji yanapungua. Kioo hakina tundu, lakini tangu mwezi wa kumi yameshuka kidogo kidogo, kama ya mgonjwa anayekunywa kwa kupumzika. Sasa yamebaki ya kulowesha ulimi tu. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Ephraïm huenda dirishani kutazama kama mkewe amemaliza.