Ndiva Iliyojaa Siku ya Kipimo

Siku ya kipimo, saa sita kamili mchana, Mtambo Mgawamaji ulisoma matangi na mabwawa milioni kumi na nane kwa kufumba na kufumbua. Ulitegemea vihisimaji, vijiti vyembamba vilivyozamishwa kila penye maji, kuanzia mabwawa ya kuogelea ya Marsadi, jiji tajiri la jangwani ng'ambo ya bahari, hadi ndiva za milima ya Upare. Palipokauka uliongeza. Palipobaki maji uliyaita ziada, ukayavuta kwa Bomba Kuu. Na mgao ukishapangwa, ni miaka mitano.

Kanuni hiyo aliitunga mhandisi Naelijwa Mshana. Siku ile, saa tano kasoro robo, alikuwa anapanda mlima mbio, pumzi juu juu, akijilaani. Jana yake tu alikuwa amegundua wanachofanya watu wa Marsadi: kipimo kikikaribia hufungulia mabomba, wakaosha barabara mpaka matangi yakauke. Wajanja hao!

Kijijini kwao alimkuta shangazi yake Nakiete, mwenyekiti wa maji, amesimama ukingoni mwa ndiva, bwawa la udongo wanalotumia kumwagilia mashamba kwa zamu. Lo, limejaa pomoni!

"Karibu mwanangu! Wiki nzima hakuna aliyemwagilia. Tumesema mgeni wa kupima akija asitukute watupu, tukaaibika."

"Shangazi, zibua! Yamwage yote!"

"Umerogwa? Akiba haiozi."

"Hii itaoza leo! Mtambo ukiyakuta utasema hamyahitaji. Mtakaa miaka mitano bila tone."

Shangazi alimkodolea macho. "Na aliyeufundisha hivyo ni nani?"

Naelijwa alivua viatu akaingia majini, Shangazi akamfuata. Wakalishika wote wawili gogo lililoziba tundu la ndiva, wakalivuta. Maji yakafoka, yakaporomokea korongoni kwenye mawe matupu, pasipo na mhindi wala mgomba. Kina mama waliokuja na ndoo walishika vichwa. Mmoja alilia kabisa.

Saa sita ilipofika, ndiva ilibaki tope tupu. Kihisimaji kikawaka kijani, kikatamka: "Hitaji limethibitishwa. Mgao wenu umeongezwa maradufu."

Vigelegele vikapigwa. Naelijwa aliketi chini kwenye tope.

"Yametoka wapi?" Shangazi aliuliza.

"Nini, Shangazi?"

"Hayo yaliyoongezwa. Maji hayazaliwi. Yametoka kwa hao matajiri?"

Naelijwa alifungua simu yake akasoma. Marsadi haikupunguziwa hata kikombe, maana matangi yake yalionekana makavu. Maji yalikuwa yanavutwa kutoka Mkonganyo, kijiji cha bonde la pili.

"Mkonganyo," Shangazi alisema taratibu. "Ndiko alikoolewa Namcharo wangu."

Akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Mama!" Sauti ya binti ilijaa furaha. "Na sisi tumepimwa sasa hivi. Hatukuaibika, Mama! Mgeni ametukuta tumejaa mpaka ukingoni!"