Kitenge Juu ya Antena

Katika mashini ya Egidius mawimbi yalionekana kama milima. Redio zilikuwa milima mirefu yenye vilele vyembamba, simu zilikuwa vilima vipana, na kati yake yalikuwapo mabonde, yaani masafa ambayo hajapewa mtu yeyote. Bonde likiwa na kitu, kuna anayeiba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutoka Gitega kwenda huku na huku nchini Burundi, kuangalia nani anatumia masafa gani, na kupima kama mawimbi ya minara yanazidi kiasi ambacho mwili wa mtu unavumilia.

Siku moja ya Aprili, huko Mwakiro upande wa Muyinga, bonde moja lilikuwa na kilima.

Kilikuwa kidogo tu, kama tuta la viazi. Egidius aligonga kioo cha mashini kwa ukucha. Kilima hakikuondoka.

Yeye na dereva wake waliitwa huko kwa sababu wakazi walilalamika kwamba tangu mnara wa simu ujengwe, watoto wao hawalali vizuri. Husni, dereva, mtu wa Muyinga mjini, alishusha stendi ya miguu mitatu na kuisimamisha kwenye kiwanja cha mama mmoja aitwaye Anisia, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mnara. Antena huwekwa juu ya stendi na kupimwa katika vimo vitatu: mita moja na sentimita sabini, kisha hamsini, kisha kumi. Hapo ni kichwa cha mtu mzima, kifua chake, na kimo cha mtoto. Kila kimo dakika sita. Watu wote husogea mbali na simu zote huzimwa, kwa sababu mwili wa mtu huharibu kipimo. Stendi ile husimama mahali pa mtu, nayo hupokea yale ambayo mtu angeyapokea kama angekuwapo.

Manyunyu yakaanza. Mfuniko wa antena ulikuwa umesahaulika Gitega. Egidius akaenda kwenye gari, akatoa chini ya kiti kitenge cha njano chenye mikia ya tausi, akakitandaza juu ya antena kikaning'inia mpaka karibu na majani.

Husni akamtazama. "Papa Upendo, hiyo haiko kitambaa ya marehemu?"

"Nguo haizuii mawimbi."

"Mi siongei mambo ya mawimbi. Mi niko naongea mambo ya kitambaa."

Egidius akakivuta kitenge kikae sawa. Theodosia mke wake alikuwa amefariki Novemba, na nguo za marehemu hazigawanywi mpaka siku ya kuganduka, siku ile ndugu wanapokusanyika, wakanywa pombe ya mtama na kuondoa kilio. Siku hiyo Egidius alikuwa ameiahirisha mara mbili kwa kisingizio cha kazi. Mtu akimuuliza habari za mke wake, alisema, "Hayupo." Neno lile lingine halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Wakasogea. Simu zikazimwa. Watoto waliokuwa wakicheka nje ya ua wakanyamaza, ingawa hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Mama Anisia alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Akasema polepole, "Mbona mmesimamisha mtu hapo, kisha mnamkimbia?"

"Si mtu, mama. Ni chombo."

"Naona anapumua."

Ni upepo, Egidius alijiambia, lakini migomba ya Mama Anisia ilikuwa imetulia. Akaangalia kioo. Lile tuta la viazi lilikuwa limepanda likawa refu kuliko mnara wenyewe. Akavaa spika za masikioni na kufungulia sauti ya bonde lile, kama anavyofanya akitafuta mwizi. Akasikia pumzi. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini na yenye mkwaruzo kidogo, ikasema:

"Jirani."

Akazikandamiza spika masikioni. Yeye na mke wake walikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kibanda kwa kibanda, na Theodosia alianza kumwita jirani wakiwa na miaka kumi na miwili. Aliendelea kumwita hivyo baada ya kurudi Burundi, baada ya ndoa, baada ya binti yao Upendo kuzaliwa. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

"Jirani, mbona simu yako imezimwa?"

Siku aliyokufa Theodosia, Egidius alikuwa kazini, amesimama mbali na stendi kama hii, simu imezimwa kama kanuni inavyotaka. Alipoiwasha alikuta amepigiwa mara kumi na moja. Alipopiga yeye, ilipokelewa na muuguzi.

Dakika sita zikaisha. Kilima kikashuka. Katika fomu, kwenye mstari wa masafa yale, Egidius aliandika neno moja: tupu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi ile.

*

Ofisi ilimruhusu kuilaza mashini nyumbani kwake Gitega. Kila jioni saa moja, watu wengi wanapokuwa kwenye simu, alisimamisha stendi sebuleni, akaivika kitenge, akavaa spika na kuisikiliza sauti ile. Upendo, binti yake wa miaka minane, alikaa mezani na daftari lake akimtazama.

Kitenge kilikataa kukauka. Alikianika juani asubuhi, akakitoa jioni kikidondosha maji yenye harufu ya dawa ile wanayopigia deki hospitalini.

Gaudensia, dada wa Egidius, alikuja kutoka Bugendana na kikapu cha ndizi. "Kaka, mtama nimeulowesha mara mbili na mara mbili nimewapa nguruwe. Nguruwe wangu sasa wamekuwa walevi. Kuganduka ni lini?"

"Kazi ikipungua."

"Kule kilimani kwetu wanasema umeoa mashini."

"Waache waseme."

"Mashini imevaa nguo ya wifi yangu," Gaudensia alisema, na utani ukamtoka usoni. "Mtoto naye amekonda. Humwoni?"

Alikuwa hamwoni. Alichokuwa akikiona ni kilima. Wiki ya kwanza kilikuwa na nguvu katika kimo cha juu, mahali pa kichwa cha mtu mzima. Wiki ya pili kiliteremka kifuani. Alishusha stendi ili aisikie sauti vizuri zaidi, na kila alipoishusha sauti ilimshukuru. Mwisho wa Mei ilisikika vizuri kabisa katika mita moja na sentimita kumi. Hakujiuliza kwa nini, mpaka jioni moja Upendo alipopita mbele ya stendi na uso wake ukalingana na antena.

Siku hizo mtoto alikuwa akisinzia mchana kutwa, viganja vyake vikiwa vya baridi kama jiwe la mtoni. Usiku ule alimshika baba yake mkono.

"Baba, mama anasema nisogee."

"Usogee wapi?"

"Sijui. Anasema nimpishe."

*

Ndipo Egidius alipoogopa. Alfajiri alimwachia Gaudensia mtoto, na Husni akamwendesha mpaka Muyinga kwa mjomba wa Husni, Mwalimu Athumani, mzee anayefundisha watoto Kurani na kushona kofia nyuma ya soko. Egidius alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, na alivua viatu mlangoni kwa aibu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Ile haiko mke wako," alisema. "Iko jini. Haina mwili, ilikuwa inajipitia njia yake. We ukaisimamishia mwili, ukaivalisha nguo, ukaambia watu wakae mbali. Bon, ungefanya nini zaidi kama ungetaka kuialika?"

"Imejuaje jina alilokuwa akiniita mke wangu?"

"Huzuni yako ilikuwa inasema kwa nguvu. Nyumba yenye kilio hakijaondolewa iko kama nyumba haina mlango. Kila kitu inasikika inje." Akakata uzi kwa meno. "Mashini inaitosha kwa kusema. Kwa kukaa, haitoshi. Inatafuta mahali pa kukaa."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Leo, mbele ya jua kuzama. Shika mtoto mkono. Simama mbele ya ile kitu, useme mara tatu: Theodosia amekufa. Kisha choma kitambaa. Na usisikilize tena."

"Hata dakika moja? Ya kuaga tu?"

Mwalimu Athumani akaiweka kofia chini. Alimtazama Husni, kama mtu anayeuliza, umeniletea nani huyu.

*

Walifika Gitega saa kumi na moja jioni. Egidius alimtuma Gaudensia kuwasha makaa uani. Alisimamisha stendi, akaivika kitenge, akamshika Upendo mkono.

"Theodosia," alisema. Akaishia kwenye jina. Kitenge kilikuwa kikidondosha maji sakafuni, tone, tone.

"Baba, sema," Upendo alimnong'oneza.

Egidius alifikiri: alipiga mara kumi na moja. Mtu aliyepiga mara kumi na moja hafukuzwi kama mbwa. Dakika sita tu, kisha nitasema. Akauachia mkono wa mtoto, kwa sababu mwili wa mtu huharibu kipimo, akavaa spika, na sauti ikamjia karibu kuliko siku zote, karibu kama mtu anayelala mto mmoja nawe, ikamweleza habari za kitanda cha hospitali na za dirisha lililokuwa halifungiki, na jinsi kila alipopiga alisema moyoni hii ndiyo ya mwisho kisha akapiga tena, na yeye akalia akisema nisamehe, nisamehe, wala hakuona kwamba harufu ile ya dawa ilikuwa imejaa chumba kizima, wala hakumsikia Gaudensia akiita kutoka uani kwamba makaa tayari, wala hakugeuka Upendo aliposema kwa sauti ndogo nyuma yake, "Baba, nisogee?", maana wakati huohuo, dakika ya sita ikimalizika, sauti masikioni mwake ilikuwa ikisema lile alilolisubiri tangu Novemba:

"Nimekusamehe, jirani."

Kilima kikaanguka. Bonde likawa tupu.

Mkono mdogo ukamvua spika kichwani. Upendo alikuwa amesimama nyuma yake, na kiganja chake kilikuwa cha moto. Egidius akagusa kitenge. Kilikuwa kikavu.

"Imekwenda," alisema, na akapiga magoti. Gaudensia alipoingia na koleo la makaa alimkuta amemkumbatia mtoto, akapiga ishara ya msalaba. Jioni ile Upendo alikula sahani mbili.

Kuganduka kulifanyika Jumamosi iliyofuata, kule Bugendana. Pombe ilinyweka. Egidius alisimama mbele ya ndugu akasema kwa sauti kavu, "Theodosia amekufa," akarudia mara tatu, na ilimtoka kwa urahisi uliomshangaza. Nguo ziligawanywa. Kitenge cha njano hakikuchomwa. Upendo alikiomba, akakikunja mara nne, akakilaza kwenye mkono na kukipapasa mara mbili. Gaudensia, aliyewahi kufua na wifi yake kwa miaka sita, alimtazama akikunja, kisha akainua kibuyu chake na asinywe.

Tangu siku hiyo Husni hakuingia tena nyumbani mwao. Alipiga honi barabarani.

"Karibu chai," Egidius alimwambia.

"Aa, mi naridhika hapa, patroni."

"Unaogopa nini?"

"Mtoto wako alinisalimu juzi," Husni alisema, akitazama usukani. "Akaniuliza goti la mama yangu linaendeleaje. Mama Upendo ndiye aliniuliza vile, mwaka jana."

*

Katikati ya Juni kulikuwa na safari nyingine, na kabla ya safari mashini hujaribiwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka chini ya meza, na jikoni uji ulikuwa ukichemka. Stendi ilikuwa bado katika kimo cha chini, kama ilivyoachwa. Egidius aliwasha. Milima ikajipanga, redio mahali pake, simu mahali pake.

Katika bonde lile kulikuwa na kilima. Kidogo sana, kidogo kuliko kile cha Mwakiro.

Akavaa spika. Kwanza hakusikia kitu. Kisha pumzi fupi fupi za mtu aliyelia mpaka akachoka.

"Baba."

Akaongeza sauti.

"Baba, nilisogea. Nirudi sasa?"

Alitaka kuita jina, lakini jina lile lilikuwa na mtu mwingine sasa, na mtu huyo alikuwa ameingia kutoka jikoni na kuweka bakuli mbili mezani. Alisikia kijiko kikiwekwa upande wa kushoto, kama Theodosia alivyokiweka.

"Baba, huku hakuna mlango. Nimekuita sana. Simu yako imezimwa?"

Aliyajua maneno ya kusema mara tatu. Alikuwa amekwisha kuyasema mbele ya watu wote, wakati yalikuwa hayana tena kazi. Hata hivyo alifungua kinywa, akageuka. Mtoto wa miaka minane alikuwa amesimama karibu yake, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja kwa namna ile ya Theodosia ambayo Egidius aliipenda tangu kambini, na macho yake yalikuwa na subira yote.

Mtoto akamwekea Egidius mkono begani. Mkono ulikuwa wa moto.

"Zima hiyo, jirani," alisema. "Uji unapoa."

Masikioni sauti ndogo ilikuwa inahesabu, kama alivyofundishwa shuleni kuhesabu akiogopa: moja, mbili, tatu. Ilifika kumi na moja, ikanyamaza, ikisubiri kupokelewa.

Egidius alizima mashini. Akavuta fomu, akachukua kalamu, na kwenye mstari wa masafa yale akaandika kama alivyoandika Mwakiro: tupu. Kisha akaenda mezani, akakaa, na alipoambiwa aombe kabla ya kula, hakukumbuka sala hata moja.