Pijo Isiyovuja

Pijo ile, gari la mwaka wa sitini na nane, ilivutwa kwa kamba hadi gereji ya Obwocha, Kiogoro. Ilikuwa haijawashwa kwa siku tatu, lakini Obwocha alipomwaga oili yake, ilitoka vuguvugu.

Obwocha alijiambia ni jua tu. Fundi huyu alijisifu kwamba injini ikipita mikononi mwake haidondoshi hata tone, na jeuri hiyo ndiyo iliyomponza. Alipoona inavuja, alishusha giaboksi, akang'oa sili kuukuu, zile pete za kuzuia oili, akazipaka mpya oili kwa kidole, akazigonga taratibu kwa kipande cha mti mpaka zikakaa sawa. Ilimchukua siku nzima.

Kesho yake adhuhuri akaja Persis, mjane wa mwenye gari, pamoja na Jasper, mwanawe wa pekee. Jasper aliwasha gari. Injini ikanguruma vizuri, chini pakavu kabisa. Akaizima.

Injini ilinyamaza, ila ndani yake kitu kikaendelea kuvuta pumzi.

"Fundi," Persis alinong'ona, "umeziba kila mahali?"

"Kila mahali, mama. Kwani kuna nini?"

Harufu ya kaburi jipya ikajaa gereji. Jasper alijishika koo, macho yamemtoka. Wakamvuta nje, wakamlaza chini, bado pumzi haikupita.

"Baba yake alifungiwa jini humo," Persis alisema. "Mganga wa Nyacheki alisema liachiwe pa kupumulia, pale oili inavujia, la sivyo litachukua pumzi ya mtu. Kila Ijumaa kabla ya Sabato marehemu alikuwa anaongeza oili ingine. Niliona aibu kukuambia, fundi. Alikuwa mzee wa kanisa!"

Obwocha alifungua nati ya kumwagia oili. Halikutoka hata tone. Akajitupa chini ya gari kuzifikia zile sili, spana ikimteleza kwa jasho, akizisikia pumzi za injini zikizidi kuwa nzito huku za Jasper zikipungua, akijua hakuna fundi aliyewahi kushusha giaboksi kwa dakika tano, na kila bolti aliyoilegeza, alipoiacha kushika nyingine, ilijikaza yenyewe.

"Omwana one," Persis alilia. "Mwanangu! Fundi, wacha tu. Ametulia."

Obwocha aliweka spana chini. Juu ya uso wake, ndani ya injini, kitu kilivuta pumzi. Kisha pumzi ya pili, nyepesi, ikaanza kando yake, na sauti ya Jasper ikaita kutoka ndani ya chuma:

"Mama, nifungulie."